Sungura Amekataa Kutoka Barabarani

Wiki iliyopita tulimwacha Mwelwa kwenye kilomita ya thelathini, barabara ya Kasapa, na Emery, mtu wa waandaaji wa mbio, yuko mbele yake juu ya pikipiki akipunga taulo nyeupe. Maana ya taulo ile ni moja tu: kazi yako imekwisha, toka barabarani.

Ujumbe wenu nimeusoma. Nusu yenu mmeapa kwamba Mwelwa atatoka, kwa sababu binti wa Kipushi hana ubavu wa kushindana na wenye marathoni yao. Nusu nyingine mlitaka ampige Emery teke aanguke na pikipiki yake. Nyote mmekosea.

Mwelwa aliongeza mwendo.

Kwa wewe uliyeazima gazeti hili kwa jirani leo asubuhi, nakueleza upesi, kisha unirudishie masikio. Mwaka jana Mwelwa, binti wa Mzee Mutale, mstaafu wa reli, alishinda marathoni kubwa ya Lubumbashi kwa zaidi ya dakika moja. Bahati mbaya, kampuni inayodhamini mbio ilikuwa imeshapiga chapa vitenge vyenye sura ya mwanadada mwingine, Graciella, na maneno Malkia wa Marathoni. Vitenge vilishasambazwa masokoni kabla mtu yeyote hajafunga kamba za viatu. Kufuta kitenge haiwezekani, lakini kumfuta Mwelwa iliwezekana.

Mkurugenzi wa mbio, Damien, alishika kipaza sauti pale uwanja wa Place de la Poste, mbio zinapoishia, akatangaza kwamba Mwelwa alidandia pikipiki barabara ya Kasapa. Kuna shahidi, alisema, na karatasi imetiwa sahihi. Akaipunga karatasi hewani, akaikunja, akaitia mfukoni. Tangu siku hiyo mji mzima ukamwita binti huyu Mwelwa wa Moto, maana huku kwetu pikipiki huitwa moto. Baba yake aliifunga medali kwenye gazeti kuukuu, akaipeleka mwenyewe kwa Damien kwa miguu, kilomita thelathini toka Kipushi, na tangu arudi hajaketi benchi la mbele kanisani.

Mwaka huu tamaa imewazidi. Safari hii kitenge hakina sura ya Graciella peke yake, kina muda wake pia: saa mbili na dakika thelathini na tisa. Graciella hajawahi kukimbia hivyo tangu azaliwe. Ili afike, alihitaji mwanamke wa kumvuta mbele, yule ambaye Wafaransa humwita lièvre, yaani sungura. Na Katanga nzima mwanamke mwenye miguu hiyo ni mmoja. Basi Damien akapanda gari mpaka Kipushi, akamwondolea Mwelwa adhabu, akampa namba ya kifuani na kazi: vuta mpaka thelathini, kisha kaa pembeni unywe Fanta.

Mwelwa akasema asante. Asante ile ilikuwa na sumu ndani yake, maana hakutaka pesa wala kitenge. Alitaka mdomo uleule uliomwita mwizi kwenye kipaza sauti utaje jina lake kwenye kipaza sauti hichohicho, watu wakiwa wamejaa.

Sasa tumekwenda sawa. Turudi barabarani.

Emery aligeuza pikipiki, akaja kwenda sambamba naye, taulo ikiwa begani kama mtu anayetoka kuoga.

"Mwelwa, hauone taulo? Kazi yako iliisha. Toka mu route."

"Nabakisha kilomita kumi na mbili."

"Patron atakasirika."

"Njo nataka akasirike," Mwelwa akajibu, na hakumwangalia tena.

Emery akatoa simu. Mwelwa alisikia sauti ya Damien ikibweka ndani ya kile kidude kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa lugha ya nyumbani kwao ambayo mtu huitumia akishindwa kabisa. Alichosema Damien ni kwamba sungura si mshindani. Lakini hapo alikuwa amejifunga kwa mikono yake mwenyewe. Watu wa kuhesabu muda, walioletwa toka Afrika Kusini na mitambo yao, walikataa namba isiyo na jina, kwa hiyo Damien alimwandikisha Mwelwa kama mkimbiaji wa kawaida, jina kamili, kidude cha kuhesabia nyuma ya namba. Sungura akiamua kuendelea, sheria haimjui kama sungura. Inamjua kama mtu anayekimbia.

Na kulikuwa na jingine. Mwaka jana barabara ya Kasapa haikuwa na macho. Mwaka huu mdhamini aliweka pikipiki ya kamera mbele ya mwanamke anayeongoza, picha zinakwenda moja kwa moja kwenye simu za watu. Kamera ilitumwa kumfuata Malkia. Sasa ilikuwa inamfuata Mwelwa wa Moto, na mji wote ulikuwa unaona kwamba chini yake hakuna pikipiki.

Nyuma, Graciella alikuwa ameachwa hatua hamsini.

Basi wakajaribu maji. Kwenye kilomita ya thelathini na tatu kuna meza ya maji, wanafunzi wa chuo kikuu wanagawa chupa. Emery alitangulia. Mwelwa alipofika, meza ilikuwa tupu, chupa zote zimeshushwa chini ya kitambaa, na wanafunzi wanaangalia viatu vyao. Koo lilikuwa limekauka. Baridi ya Juni humdanganya mtu, anadhani hana kiu mpaka ulimi ugande.

Hatua mia moja mbele, mwanamume mmoja mwenye kofia alikuwa amesimama pembeni, amenyoosha chupa ya maji baridi, anatabasamu kwa upole usio wa kawaida. Mwelwa aliiona ile chupa na mkono wake ukainuka wenyewe.

Akaurudisha. Sheria aliijua toka siku ya kwanza ya mazoezi: maji ni ya mezani tu, ukipokea kwa mtu wa pembeni umeondolewa. Na kweli, nyuma ya yule mwanamume, Emery alikuwa ameshika simu juu, anapiga picha. Mwelwa akapita na kiu yake. Hasira, nyie, nayo ni chakula. Haishibishi, lakini inakufikisha meza ya pili.

Meza ya pili ilikuwa pale ambapo wakimbiaji wa nusu marathoni wanaungana na wale wa marathoni nzima. Hapo barabara ilijaa watu wa benki, watu wa migodi, watu wa simu, kila kundi na fulana yake ya kampuni. Wengine walikuwa wanatembea, wengine wanajipiga picha, na bwana mmoja mnene alikuwa amesimama katikati anampigia mke wake kumwambia kwamba bado yuko hai. Mwelwa alijichomeka kati ya fulana za njano za benki. Emery hakuweza kuficha maji ya watu mia mbili. Alipogundua yuko wapi, Mwelwa alikuwa ameshachukua chupa mbili mezani, ya kunywa na ya kujimwagia.

Alipotoka kwenye lile kundi, alikuwa wa kwanza, ana nguvu, na zimebaki kilomita nne na kitu.

Hapo ndipo gari jeupe la mkurugenzi likaja taratibu ubavuni kwake na kioo kikashuka.

Damien ni mtu nadhifu. Hata kwenye vumbi shati lake halina kunyanzi. Hakufoka. Aliongea kama mtu aliyekuja kutoa pole msibani, na hilo lilimtisha Mwelwa kuliko matusi ya Emery.

"Mwelwa, mutoto yangu, ile karatasi ya témoin haujaionaka ata siku moja, si ndiyo?"

Mwaka mzima Mwelwa alikuwa ameomba aione karatasi hiyo. Aliandika barua mbili, alikaa kwenye ngazi za ofisi, alifukuzwa na mlinzi. Kila usiku alikuwa akimtafuta shahidi huyo kichwani: jirani fulani, mkimbiaji mwenzake, mtu wa wivu. Alishamwapiza shahidi huyo mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa, gazeti hili linasomwa na watoto.

Damien alitoa mkono nje ya dirisha. Karatasi ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, imekunjwa, sehemu ya sahihi iko juu.

"Angalia signature," akasema.

Mwelwa aliangalia. Ilikuwa ni M kubwa yenye mguu mrefu, na chini yake mstari uliochorwa kwa uangalifu wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, kwenye darasa la jioni la wafanyakazi wa reli. Mstari huo aliuona kwenye daftari zake zote za shule, chini ya kila ripoti. Shahidi alikuwa Mzee Mutale, baba yake.

Miguu yake iliendelea kwenda kwa sababu miguu haisomi.

"Simama hapa," Damien akaendelea kwa sauti ileile ya msibani. "Acha Graciella apite, na hii karatasi nitaichoma mbele yako. Ukifika ku Poste wa kwanza, nitaisoma mu micro, bantu bote basikie. Papa yako iko mu tribune. Nilimutumia motokari asubui, nilimupa kiti ya mbele. Unataka mji ijue mwenye alikuuzisha ni nani?"

Kioo kikapanda. Gari likaondoka kwenda Poste.

Nawaambia ukweli, Mwelwa alilegea. Mwendo ulimtoka kabisa. Alipita kilomita ya thelathini na tisa kama mtu anayetafuta mahali pa kukaa, na alikuwa anataka kukaa kweli, pale kwenye ukingo wa mtaro, avue viatu, awaachie wote mji wao. Ilimuuma. Angeweza kuvumilia adui, maana maadui alikuwa amewazoea. Lakini baba aliyemfundisha kufunga kamba za viatu mara mbili ili zisifunguke, huyo hakujua amweke wapi.

Akasikia pumzi nyuma. Graciella alikuwa anakuja.

Walikimbia bega kwa bega kwa muda. Graciella alikuwa amechoka vibaya, chumvi imemkauka usoni, na aliongea kwa vipande vipande kama mtu anayelipa kwa kila neno.

"Mwaka ule nilibaambia nirudishe kombe," akasema. "Banijibu ati bitenge bilishafika Kolwezi."

"Na weye ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Niliogopa."

Akampita. Mgongo wake ukatangulia hatua mbili, tano, kumi, na kamera ikahama, ikamfuata yeye.

Huenda mnategemea niwaambie kwamba Mwelwa alimhurumia. Hapana. Mwelwa aliutazama ule mgongo na moyo wake ukawa mgumu na mwepesi kwa pamoja. Aliwahesabu: mmoja alisema uongo, mmoja akanyamaza, mmoja akatia sahihi. Mwaka mzima alikuwa amewalinda watu wa nyumbani kwake dhidi ya hasira yake. Kumbe hasira ilipaswa kukaa mezani na kula nao.

Karatasi isomwe basi, akajiambia. Kama baba naye yumo, naye atasikia. Hakuna atakayebaki amejificha nyuma ya mgongo wangu.

Na akaanza kukimbia tena. Safari hii hakuwa anakimbia mbali na kitu.

Kwenye kilomita ya arobaini pengo lilikuwa hatua ishirini. Kwenye kona ya kuingia mjini lilikuwa hatua tano, na akina mama wauza maandazi walikuwa wamesimama juu ya ndoo zao wanapiga masufuria. Wengine walimwita Mwelwa wa Moto kwa kumtania, wengine kwa kumshangilia, sauti ni ileile na yeye hakujali tena tofauti yake. Alimpita Graciella kwa upande wa kulia, karibu kiasi kwamba viwiko viligusana.

Alikata utepe kwa saa mbili, dakika thelathini na nane na sekunde arobaini na moja. Muda ule wa kwenye kitenge ulikuwa umevunjwa, kwa sura isiyo ya kwenye kitenge.

Jukwaa la wakubwa pale Poste lilikuwa linapendeza kwa huzuni yake. Akina mama wa heshima wote walikuwa wamevaa Graciella. Yuko kifuani, yuko mgongoni, na wengine wamemkalia. Walipiga makofi mawili matatu, kisha wakaangaliana kuulizana kama waendelee.

Kwenye kiti cha mbele, na koti lake la zamani la reli lililopigwa pasi, alikaa Mzee Mutale. Kofia ilikuwa magotini. Mwelwa alimtazama, na mzee akaitazama kofia.

Damien hakupoteza muda. Alipanda ngazi, akagonga kipaza sauti kwa kidole, akaomba utulivu. Alieleza kwa masikitiko makubwa kwamba mchezo una maadili yake. Kwamba mwanamke huyu alisamehewa, akapewa kazi ndogo ya kusaidia, naye akaitumia kuharibu siku ya wenzake. Kwamba asiyemjua leo atamjua. Kisha akatoa ile karatasi kwenye mfuko wa plastiki na kuikunjua, mara ya kwanza mbele ya watu.

Damien alisomea shule ya mapadri. Kwake karatasi ya ofisi haisomwi nusu, inasomwa yote, kuanzia kichwa hadi mhuri, kwa sauti ya misa. Alisoma kwa Kifaransa sentensi moja, akaigeuza kwa Kiswahili ili hata muuza mayai asikie, kisha sentensi nyingine.

"Miye, Mutale, retraité wa chemin de fer, natoa témoignage bila kulazimishwa na muntu. Leo asubui, mu course ya marathon, niliona na macho yangu mutoto yangu Mwelwa anapanda moto ku route ya Kasapa."

Mnong'ono ukapita uwanjani. Mutoto yake? Baba mwenyewe? Watu walimgeukia mzee. Mama mmoja wa jukwaani, aliyekaa kiti cha pembeni, akasogeza kitenge chake kisimguse. Mwelwa alisimama pale chini, jasho linamkauka, akayapokea macho yote bila kuinamisha kichwa. Alikuwa ameyakubali tangu kilomita ya thelathini na tisa.

Damien akaendelea, maana karatasi ilikuwa haijaisha.

"Fait à Lubumbashi, le samedi quatorze juin. Imefanywa Lubumbashi, samedi, tarehe kumi na nne ya mwezi wa sita."

Akakunja karatasi. Akashusha miwani. Alikuwa ameridhika.

Mwelwa alikuwa hajaridhika. Neno moja lilikuwa limemkwama sikioni. Alisogea mpaka chini ya jukwaa.

"Monsieur Damien, soma tena mustari wa mwisho."

Alimwomba kwa adabu kabisa, na mtu akiombwa kwa adabu mbele ya watu hana pa kukimbilia. Damien akaikunjua karatasi. Akasoma tena kwa sauti ileile, Lubumbashi, samedi, na alipofika kwenye samedi, yaani Jumamosi, sauti ikapungua yenyewe, kama redio iliyoishiwa betri.

"Course ya mwaka ule ilikuwa siku gani?" Mwelwa akauliza.

Aliyejibu ni muuza mayai, kwamba ilikuwa dimanche. Kisha wakajibu wa fulana za njano, kisha uwanja mzima, kila mmoja anamwambia mwenzake kana kwamba amegundua yeye: mbio huwa Jumapili, mwaka ule ilikuwa Jumapili ya tarehe kumi na tano, watu walitoka misa ya kwanza kuja kutazama. Mtu anawezaje kuapa Jumamosi kwamba leo asubuhi ameona jambo la Jumapili? Katibu wa Damien, maskini, alikuwa ameandika tarehe ya siku aliyochapa karatasi, kama alivyofundishwa. Na bosi wake alitembea na karatasi hiyo mwaka mzima bila kuisoma mpaka chini.

Kicheko kilianzia nyuma. Kilipofika mbele hakikuwa kicheko tena.

Madame Syntiche, mkubwa wa matangazo wa kampuni ya mdhamini, mwanamke ambaye mpaka dakika hiyo hakuwa amesema neno, alisimama kwenye kiti chake. Hakumtazama Damien usoni. Alimwambia kwa Kifaransa kifupi kwamba kamera bado zinakwenda, na kwamba amtaje mshindi.

Damien akainua kipaza sauti. Shati lake lilikuwa limepata kunyanzi hatimaye, chini ya makwapa.

"Mushindi," akasema. "Mushindi ni Mwelwa Mutale, wa Kipushi."

Mlipuko wa sauti uliofuata hata wenyeji wa mitaa ya Kenya na Kamalondo waliusikia. Mwelwa alifumba macho. Mdomo uleule, kipaza sauti kilekile, watu wamejaa. Alikuwa ameisubiri sentensi hiyo siku mia tatu na kadhaa, na ilikuwa tamu kama alivyodhani. Aliona Damien anashuka ngazi bila kupeana mkono na mtu. Aliona Emery anavua fulana ya waandaaji na kuikunja. Alifurahi kwa uovu kabisa, na simlaumu.

Utamu ulidumu kiasi cha pumzi nne.

Kwenye pumzi ya tano aliielewa ile Jumamosi.

Tangu gari jeupe limwache, alikuwa amejitengenezea kisa kimoja kichwani, cha kumwezesha kukimbia. Katika kisa hicho Damien alikwenda kwa mzee baada ya mbio, na askari wawili, akamwambia binti yako atalala buloko, yaani jela, usipotia sahihi. Mzee akaogopa, akaandika uongo ili kumwokoa mtoto. Ni usaliti, lakini ni usaliti wa baba. Mtu anaweza kuuchukia leo na kuuelewa kesho.

Ila Jumamosi hakukuwa na buloko. Jumamosi hakukuwa na mbio, wala ushindi, wala Mwelwa wa Moto. Jumamosi jioni yeye alikuwa nyumbani Kipushi anafua soksi zake, na baba yake alirudi amechelewa, akasema alikuwa na kikao cha wastaafu.

Akapanda jukwaani. Kipaza sauti kilikuwa kimelazwa pembeni na Damien, bado kinawaka. Mwelwa alikishika. Uwanja ukanyamaza, watu walitaka asherehekee, aimbe, amtukane mtu. Yeye akawapa mgongo, akaenda mpaka kiti cha mbele, akachuchumaa pale ilipokuwa kofia ya baba yake.

"Papa," akasema. "Mulisign samedi. Samedi nilikuwa sijakimbia bado."

Sauti yake ilitoka kwenye spika zote za Place de la Poste. Hakujali.

Mzee Mutale aliinua macho, mara ya kwanza asubuhi ile, na nikisema kweli, mara ya kwanza mwaka ule. Hakuwa na macho ya mtu aliyefumaniwa. Alikuwa na macho ya mtu aliyechoka kubeba.

"Damien alibaogopesha na buloko, Papa?"

"Hapana."

"Alibalazimisha?"

"Hakunilazimisha, mwanangu." Mzee alivuta pumzi, na spika zikaivuta pamoja naye. "Ata hakunitafuta. Miye njo nilimutafuta. Nilienda ku bureau yake, nikamuambia andika, nitasign."

Mwelwa alisikia kelele za uwanja zikienda mbali. Chini, karibu na ngazi, Damien alikuwa amesimama, amegeuka, naye anasikiliza kama wengine.

"Juu ya nini, Papa?"

Mzee Mutale akaweka mkono wake juu ya namba ya kifuani kwa binti yake, taratibu, kama anayetaka kuificha watu wasiione.

"Juu nilijua utashinda," akasema. "Na niliogopa siku utashinda kupita siku utafungwa ku buloko."

Alichokiogopa mzee ni nini, tutakisikia wiki ijayo.